Mama Lifti, Aliyetandika Meza Uani Kila Krismasi

Jina lililoandikwa kwenye jalada la ratiba mliyoshika ni la dada yetu, ingawa najua wengi wenu mmelisoma leo kwa mara ya kwanza. Nimemsikia mtu hapo nje akiuliza kama amekosea msiba. Hukukosea, ndugu yangu. Huyu ndiye Mama Lifti. Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenipa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu shemeji yangu, mume wake, amesema hawezi kusimama mbele za watu akamaliza hata sentensi moja. Mchungaji aliniomba niweke humu maneno ya faraja. Nimeyatafuta, sikuyapata. Nitasema yaliyotokea.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba kinyozi na mama aliyekuwa akifua nguo za watu. Alizaliwa katika chumba cha nyuma ya kibanda cha baba cha kunyolea, na kati ya chumba hicho na wateja kulikuwa na pazia tu. Mama aliposhikwa na uchungu, baba aliweka wembe chini na kukimbia kumwita mkunga, akimwacha mteja kitini na ndevu za upande mmoja. Yule bwana hakuwa na la kufanya. Alikaa hapo hapo, povu likimkaukia shavuni, mpaka mtoto akalia. Miaka mingi baadaye, akikutana na marehemu njiani, alikuwa akishika shavu lake na kumwambia, “Wewe siku ya kwanza tu duniani uliniacha nusu mtu.”

Alianza shule Januari 1959 na kumaliza darasa la nane mwaka 1966. Alikuwa na akili nzuri na mdomo usiochoka. Mwalimu wake alijaribu kumtuliza kwa kumkalisha pamoja na watoto wakimya, lakini haukupita muda wale watoto nao wakaanza kuongea, na mwalimu akasalimu amri. Alichaguliwa kwenda sekondari. Mwezi Juni 1967 baba yetu alifariki, na marehemu hakuitumia nafasi ile. Alibaki nyumbani kumsaidia mama kufua na kupiga pasi ili sisi wadogo zake tusome. Hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele yetu, hata tulipokuwa watu wazima tunaojidai na vyeti vyetu.

Tarehe 2 Januari 1970 aliajiriwa hospitali kuu kama mfagizi. Mwaka 1973 mzee aliyekuwa akiendesha lifti alistaafu, na kwa kuwa hakuna kijana aliyetaka kushinda siku nzima ndani ya sanduku, kazi ikapewa dada yetu. Wenye umri wangu wataikumbuka ile lifti: ilikuwa na mlango wa vyuma vya kukunja, mkono wa shaba wa kuendeshea, na stuli pembeni. Hakuna aliyeingia mle bila kusalimiwa, awe daktari bingwa au mgonjwa aliyesukumwa akiwa amelala. Madaktari alikuwa akiwauliza kama leo awapandishe cheo mpaka ghorofa ya tano au wanaridhika na ya tatu. Wajawazito alikuwa akiwaambia wamshike mkono na wasiuachie hata kama wanamwumiza. Lakini maiti ikiingizwa, aliwaomba wengine wote washuke, akafunga mlango taratibu, na safari ile nzima aliiendesha akiwa amesimama. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Alisema tu haikumwingia akilini kukaa.

Na huyo huyo aliyeshinda akipandisha watu, jioni alikuwa akirudi kwenye jengo la ghorofa nne lisilo na lifti, na nyumba yake ilikuwa juu kabisa. Watu wakimcheka, alisema kazi haipelekwi nyumbani.

Mwaka 1998 hospitali ilifunga lifti mpya za kujiendesha, naye akahamishiwa chumba cha mashuka, ambako alikunja na kuhesabia wodi mashuka mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2006. Stuli yake ilitupwa nje nyuma ya jiko la hospitali. Hakulalamikia stuli. Alilalamika kwamba siku hizi watu wanaingia mle ndani, wanainua macho kutazama namba zikibadilika, wanafika na kutoka bila kuambiana neno.

Ndoa yake nayo ilitokea kwenye lifti. Mwaka 1975 fundi saa mmoja aliitwa hospitalini kutengeneza saa za wodini. Walipokuwa katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu, umeme ukakatika. Marehemu alimwambia asiwe na hofu, mafundi wanakuja. Yule kijana, ambaye si msemaji mpaka leo, alitazama saa yake ya mkononi na kusema hana haraka, kwa kuwa na yenyewe imesimama. Haikuwa imesimama. Walikaa mle mchana wote, dada yetu kwenye stuli na fundi juu ya kisanduku chake cha vifaa, na waliponasuliwa marehemu alikuwa ameshajua habari za ukoo mzima wa mwenzake. Walifunga ndoa kanisani Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1976. Mungu akawajalia binti mwaka 1978 na mtoto wa kiume mwaka 1981.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu hapa mnalijua, ama kwa kuliona au kwa kulisikia.

Mwezi Desemba 1977 shemeji alisafiri kwenda kumzika baba yake, na dada akabaki peke yake kwenye nyumba waliyohamia mwaka ule ule. Krismasi ikamkuta hivyo. Alitoka kanisani, akapika kama alivyozoea kupika kwetu, yaani sufuria la watu kumi na wawili, kisha akakaa na kulitazama. Mwishowe alilivalisha kitambaa, akashuka nalo ngazi, akagonga kila mlango na kuwaambia watu kwamba chakula kiko uani, pale penye kamba za kuanikia nguo, na kwamba yeye hana wa kula naye. Watu walitoka, wengine kwa njaa na wengine kwa kumwonea huruma. Mzee mmoja mtengeneza redio wa ghorofa ya kwanza, tuliyemwita Mzee wa Redio, alisema yeye haendi kanisani wala msikitini na haamini chochote kisichoonekana. Dada alimjibu kwamba wali unaonekana, akachukue sahani.

Mlango wa ghorofa ya tatu ulifunguliwa na mwenye bucha, Mwislamu, kijana wa rika la shemeji. Yeye na mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, walishukuru kwa adabu na kusema hawawezi kula nyama wasiyojua nani amechinja. Mwingine angenuna. Dada alisema hilo ni dogo: mwaka ujao wachinje wao. Na ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia Krismasi ya 1978 mwenye bucha ndiye aliyechinja na kuleta nyama, Mwalimu alishuka asubuhi na kisu chake kukata vitunguu, na dada akaenda kanisani bila wasiwasi akijua sufuria liko mikononi mwa Waislamu. Bibi mmoja wa duka la vitambaa ambaye dini yake haimruhusu kula nyama alitengewa sufuria yake na upawa wake, na ole wake mtoto aliyeuhamisha upawa ule.

Kwa miaka mingi ikawa hivyo. Mashuka yalitandikwa juu ya milango iliyong’olewa bawaba na kulazwa kwenye mapipa, ikawa meza moja ndefu toka geti mpaka ukuta wa nyuma. Waliogombana mwaka mzima kwa ajili ya maji, kelele au nguo zilizoibwa kwenye kamba, siku ile walikaa bega kwa bega. Dada alikuwa na kanuni moja: siku ya Krismasi, pale uani, hakuna anayekataliwa. Alikuwa akiitamka kwa sauti kabla ya watu kuanza kula, kama wengine wanavyotamka sala, na watu walikuwa wakiitikia. Aliamini kabisa anachokisema. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu ndilo lililomwangusha.

Kijana wetu, yule mtoto wa kiume, alikua akawa fundi wa friji. Mwenye bucha alikuwa na binti, wa pekee, aliyefanya kazi duka la dawa. Hao wawili walikaa jirani kwenye meza ile tangu walipokuwa wadogo wa kupakatwa. Binti alikuwa na tabia ya kula polepole sana, akitenga kila kitu pembeni mwa sahani na kukimaliza kimoja kimoja, na kijana wetu alikuwa akimngoja mpaka amalize ndipo wainuke pamoja. Watu wazima tuliona jambo la kuchekesha. Mwaka 2006, mwezi Novemba, kijana alimfuata mama yake jikoni na kumwambia wanataka kuoana.

Shemeji alilikataa mara aliposikia. Hakupiga kelele, aliendelea na saa aliyokuwa akiifungua, lakini alisema haliwezekani na watu wazima wote wa jengo wanajua haliwezekani. Wazee wa kanisa walikuja kumwambia dada kwamba binti abatizwe kwanza. Kwa hiyo msifikiri ukuta ulijengwa upande mmoja. Dada peke yake ndiye aliyeona mlango. Alimwambia mwanawe asubiri Krismasi. Aseme siku ile, uani, mbele ya watu wote, baada ya kula. Siku ile hakuna anayekataliwa.

Kijana alimwamini mama yake. Alisimama akiwa na shati jipya, akaomba kimya, akasema. Binti alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, sahani yake ingali na chakula.

Mwenye bucha hakuwa mtu wa hasira, na hata siku ile hakupandisha sauti. Aliinuka, akafuta mikono yake, akamtazama dada.

“Miaka yote hii nimekuletea nyama kwa mkono wangu, ili mwanangu ale kwako bila shaka yoyote,” alisema. “Kumbe shaka nilitakiwa niwe nayo juu ya viti, si juu ya nyama.”

Dada alimwomba akae kwanza waongee.

“Nimekaa hapa mno, jirani,” alisema mwenye bucha. Akamchukua mkewe na binti yake, wakapanda ngazi. Tulizisikia hatua zao mpaka mlango ulipofungwa. Baada ya muda watu wakaanza kubeba viti vyao, mmoja mmoja, kama mvua inanyesha.

Tarehe 2 Januari 2007 vijana wale waliondoka. Walitoka asubuhi kama wanaokwenda kazini. Kijana wetu aliacha funguo za nyumba kwenye msumari wake nyuma ya mlango, na hapo ndipo dada alipojua kwamba hakuzisahau, amehama. Hatukujua wameelekea wapi. Tuliuliza stendi, tuliuliza mpakani, tuliuliza marafiki zao, na polisi wakatuambia watu wazima wakiondoka kwa hiari yao hawahesabiwi waliopotea. Pasaka ya mwaka ule dada alipigiwa simu na namba ngeni. Upande wa pili palikuwa kimya. Yeye hakuuliza ni nani. Alisalimia, akauliza kama lifti inapanda au inashuka, na aliposikia pumzi tu akaanza kueleza habari za nyumbani: baba yako kapata miwani mipya, bomba la ghorofa ya pili limepasuka tena. Akaeleza mpaka simu ikakatika. Namba ile haikupatikana tena. Wala hatuna uhakika hata leo kwamba alikuwa ni yeye.

Krismasi iliyofuata, dada alitandika meza.

Naomba niwaeleze, kwa sababu yapo yaliyosemwa. Ilisemwa kwamba hana aibu. Ilisemwa kwamba anamtonesha mwenye bucha kidonda kwa makusudi, kwamba anasherehekea mtoto wa mwenzake aliyeibwa. Alinunua nyama kwa mchinjaji mwingine wa Kiislamu, mbali, akaibeba kwa basi, ili yeyote atakayeshuka asipate sababu ya kutokula. Hawakushuka. Waislamu wa jengo walibaki na mwenye bucha, na mtu hawezi kuwalaumu. Wakristo walisema kwa nini kuchokoza moto, wakaenda kula kwenye ukumbi wa kanisa. Kushuka uani kulikuwa kumegeuka kuchagua upande, na watu wanaoishi ngazi moja hawataki kuchagua. Aliyeshuka ni Mzee wa Redio peke yake, na kijiko chake mfukoni. Alisema yeye hana upande, na wali bado unaonekana.

Mwaka hata mwaka ikawa hivyo. Mzee wa Redio alifariki tarehe 17 Mei 2011, na tangu hapo meza ilikuwa ya dada na shemeji, na mimi nilipoweza kusafiri. Binti yao alimsihi mama yake ahamie kwake, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi. Alikataa. Aliniambia sababu mara moja tu, tukiwa tunakunja shuka la meza lisilo na doa.

“Mtu aliyekimbia anaona haya kubisha hodi,” alisema. “Lakini uani siku ya Krismasi hakuna mlango. Anaingia tu, anachukua sahani, hakuna wa kumuuliza ulikuwa wapi.”

Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yake. Alikuwa akimngoja mtoto.

Mwaka 2013 wenye jengo waligeuza ua kuwa maegesho. Dada akapata kona kati ya magari mawili, meza ikawa ndogo ya kutosha sahani chache. Krismasi yake ya mwisho ilikuwa ya 2018. Miguu ilikuwa imeshaanza kujaa maji, na kushuka ngazi kulimchukua asubuhi nzima, shemeji akitangulia na kiti ili akae kila penye kona. Tulipokuwa tumekaa, akaja mpangaji mpya akamwomba samahani, kama anaweza kusogeza meza ili atoe gari lake. Hakujua ni meza ya nini. Tuliisogeza. Akatoa gari, akashusha kioo, akashukuru vizuri na kututakia sikukuu njema. Hakuwa mtu mbaya. Dada alimwambia karibu chakula, naye akasema anawahi kwa watu wake.

Tulipandisha vyombo mchana ule ule. Sijapata kumwona mtu akipanda ngazi namna ile.

Januari 2019 madaktari walisema moyo wake umepanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Alitumia dawa, alizuiwa chumvi, alizuiwa ngazi, na kwa kuwa alikataa kuhama ikawa hashuki tena kabisa. Tarehe 20 Oktoba 2019 alizidiwa, vijana wanne wa jengo wakamshusha kwa kiti, na akalazwa hospitali ile ile aliyoitumikia. Alipandishwa ghorofa ya tano kwa lifti. Alimsalimia kila aliyekuwemo. Muuguzi aliyemsukuma, msichana mdogo tu, alimwambia mama usijichoshe kwa kuongea.

Siku moja ya wiki iliyofuata, saa ya kuona wagonjwa, aliingia mwanamke aliyejitanda mtandio mweusi akasimama miguuni pa kitanda. Alikuwa Mwalimu, mke wa mwenye bucha. Sikuwa nimewaona wanawake hao wawili wakitazamana tangu ile Krismasi, ingawa waliishi kwa kutenganishwa na sakafu moja. Nilitaka kutoka. Dada akanishika mkono nisitoke. Nadhani alitaka shahidi.

Mwalimu alikataa kiti. Alisema hakuja kusamehe, kwa hiyo asifikiriwe hivyo.

“Nimekuja kwa sababu hakuna mwingine wa kuongea naye,” alisema. “Nyumbani kwangu jina lake halitajwi. Nani mwingine anakumbuka alivyokuwa akila?”

Dada alisema anakumbuka. Akataja mpangilio: kwanza mboga, halafu wali, nyama mwisho kabisa, imeshapoa.

Hapo Mwalimu alikaa. Waliongea kwa sauti ndogo mpaka kengele ya kuondoa wageni ilipolia. Dada alimweleza kwa nini alikuwa akitandika meza. Mwalimu alisikiliza, kisha akasema yeye kila Krismasi alikuwa dirishani, nyuma ya pazia.

“Sikuwa nikitazama chakula chako,” alisema. “Nilikuwa nikitazama geti.”

“Sasa mbona hukushuka tukatazama wote?” dada aliuliza.

“Mume wangu angeniuliza nashuka kumngoja nani. Ningemjibu nini? Naye alikuwa dirisha la pili.”

Nimeyaandika haya kwa sababu dada aliniagiza niyaandike, na kwa idhini ya Mwalimu, niliyempigia simu juzi. Watu watatu wazima, miaka yote hiyo, walikuwa wakilitazama geti moja siku moja, na kila mmoja aliamini yuko peke yake. Shemeji aliposimuliwa alisema wanne. Na yeye.

Mwalimu aliahidi kurudi Jumapili. Hakurudi. Alipata homa, ameniambia, na alipopona dada alikuwa ameshafariki. Dada hakujua habari ya homa. Saa ya wageni ikifika aliomba anyanyuliwe kwenye mito, na ikiisha aliomba alazwe. Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2019, asubuhi, kabla chai ya wodi haijapita. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Binti yake alikuwa ametoka kidogo kujaza chupa ya maji, kwa hiyo hakuna tunachoweza kuwaambia kuhusu neno lake la mwisho. Kama alilisema, alilisema kwa wodi.

Nikiinua macho nawaona. Nawaona watu wa jengo, karibu wote, na waliohama pia. Nawaona wa kanisani na nawaona wa msikitini mmesimama pamoja chini ya turubai moja, kwa kuwa hakuna pengine penye kivuli. Mwenye bucha, nimekuona pale nyuma. Nimeambiwa ulifika kabla ya wengi wetu na kwamba umesaidia kushusha jeneza garini. Asante. Sitasema dada yangu angefurahi kuona umati huu, ingawa ndivyo watu wanavyosema misibani. Angefurahi, lakini haoni. Aliwaomba mshuke ngazi tu, mkashindwa, na leo mmepanda mabasi mpaka huku. Silisemi kwa kuwalaumu, hata mimi sijui la kulifanyia. Lipo tu, na lingekuwa uongo kuliruka.

Marehemu ameacha mume, fundi saa, waliyeishi pamoja miaka arobaini na mitatu. Ameacha binti mmoja na mkwe wake, na wajukuu wawili. Ameacha wadogo watatu, mimi nikiwa wa mwisho, pamoja na shemeji, mawifi na watoto wetu wengi aliowasomesha kwa mashuka ya hospitali. Ameacha mtoto wa kiume, ambaye hatukujua pa kumpelekea habari. Tumetangaza redioni na gazetini, na tunaomba yeyote anayesafiri aendelee kuuliza. Ameacha mkwe, binti wa mwenye bucha na Mwalimu. Familia ilibishana kama tumwandike hivyo. Mwenye bucha mwenyewe, tulipomuuliza jana, alisema andikeni. Na kama wapo wajukuu huko waliko, ambao hatujui idadi yao wala sura zao wala wanasali wapi, ameacha na hao pia.

Dada, pumzika. Amani ambayo tulikunyima tukiwa nawe, Mungu asikunyime.